Paa Lililoota Nyasi: Tarehe ya Nyumba za Karatu na Ngorongoro

Kusini mwa Karatu, katika milima ya Mbulu, palikuwa na nyumba ambayo mpita njia aliweza kuikanyaga asijue kwamba chini ya nyayo zake wamelala watu, mbuzi na ng'ombe. Ilichimbwa ubavuni mwa mlima. Paa lake tambarare liliungana na mteremko kwa upande wa juu, likafunikwa udongo, na udongo ukaota nyasi. Waliojenga ni Wairaqw, ambao Watanzania wengi huwaita Wambulu, na walijenga hivyo ili wavamizi wa Kimaasai waliokuja kuteka mifugo wapite wasione kitu.

Naiweka nyumba hiyo mwanzoni mwa tarehe hii kwa makusudi. Anayefika Karatu leo akauliza habari za majengo ya kale huelekezwa kwenye nyumba za walowezi wa Kijerumani zilizomo katika mashamba ya kahawa, au huambiwa habari za mabaki ya mawe yaliyomo ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Majengo hayo hayajapita sana miaka mia moja. Jiwe lina bahati ya kuendelea kuonekana, ilhali mti na udongo hurudi ardhini, na fundi wake husahaulika navyo. Mimi naona huo ni upungufu mkubwa katika namna tunavyoandika habari za nchi hii, kwa maana wajenzi wake hodari walitumia miti na udongo.

Ukitaka kuanza mbali zaidi, Ngorongoro itakupeleka mbali kupita kiasi. Katika bonde la Olduvai, mahali panapojulikana kama DK, mwanaakiolojia Mary Leakey alifukua mwanzoni mwa miaka ya 1960 duara la mawe lenye upana wa kama mita 4 na umri wa takriban miaka milioni 1.8. Yeye aliamini kuwa ni msingi wa kibanda au wa kizuizi cha upepo. Baadhi ya watafiti waliomfuata wametia shaka, wakisema mizizi ya mti ingeweza kupasua mwamba na kuyaacha mawe yamekaa namna ile. Ubishi huo haujaisha, nami siwezi kuuamua hapa. Kando ya Ziwa Eyasi, upande wa Karatu, liko pango la Mumba ambalo Ludwig na Margit Kohl-Larsen walilichimba katika miaka ya 1930, na ambalo watu walijikinga ndani yake kwa makumi ya maelfu ya miaka. Karibu na hapo Wahadzabe wangali wanajenga makazi yenye umri mfupi kuliko yote ya eneo hili: wanawake hukunja matawi yakawa kuba, wakayavika nyasi, na baada ya saa chache nyumba imekwisha. Kambi ikihama, kuba huachwa.

Engaruka ni jambo jingine. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye miguu ya milima hiyohiyo ya Ngorongoro, kwa sasa ndani ya Wilaya ya Monduli, yako mabaki ya wakulima waliokaa hapo kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Walipitisha mifereji ya maji kutoka mitoni, wakazungushia mashamba yao kingo za mawe, eneo lote likifika kama kilomita za mraba 20. Vijiji vyao vilipanda kilimani ngazi kwa ngazi: kila nyumba ilikaa kwenye jukwaa lake lililosawazishwa na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe, nyumba ya juu ikitazama paa la nyumba ya chini. Louis Leakey alipofika mwaka 1935 alidhani ameona makazi ya watu zaidi ya elfu thelathini. Baadaye mwanaakiolojia John Sutton, baada ya uchunguzi wa makini zaidi, aliishusha hesabu hiyo hadi elfu chache. Majukwaa yamebaki. Nyumba zenyewe, zilizokuwa za miti na nyasi, hazipo, na sura ya kuta na mapaa yake tunaikisia tu kwa kutazama sakafu zake. Waliondoka kwenda wapi? Wapo wanaowahusisha na mababu wa Wairaqw, na wapo wanaowahusisha na Wasonjo ambao hadi leo wanalima kwa mifereji kule kaskazini. Mimi naitaja Engaruka kwa sababu moja: kuchonga mteremko ili nyumba ikae ni ufundi wa zamani sana katika milima hii, na Wairaqw hawakuwa peke yao kuujua.

Mapokeo ya Wairaqw husimulia kwamba walitoka mahali paitwapo Ma'angwatay, wakaongozwa na Haymu Tipe, wakafika Irqwa Da'aw, sehemu ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuiita Mama Isara. Ni nchi ya vilima vilivyosongamana na mabonde membamba yenye maji. Kwa mfugaji wa tambarare ilikuwa nchi ngumu kuivamia, na kwa mkulima ilikuwa ngome. Huko ndiko nyumba ya ardhini ilikopata umbo lake.

Fundi alianza kwa kuchagua mteremko. Ukiwa mkali mno, ardhi ingeporomoka, na ukiwa mpole mno, paa lisingeweza kuungana na kilima. Alikata ndani ya ubavu wa mlima hadi akapata nafasi tambarare, na hapo ukuta wa nyuma ulikuwa tayari: ni mlima wenyewe. Kuta za ubavuni ziliinuka zikielekea mbele kadiri ardhi ilivyoshuka, na mbele kabisa palibaki uso mfupi wa miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, wenye mlango wa kuinamia. Ndani zilisimama nguzo zenye panda, safu kwa safu. Juu ya panda ililazwa mihimili minene, juu ya mihimili fito, juu ya fito vijiti na majani, na juu ya yote udongo ulioshindiliwa.

Uzito wa paa kama hilo ni mkubwa. Udongo mkavu tayari ni mzito, na ukilowa katika masika uzito huongezeka. Ndiyo maana nguzo ziliwekwa karibukaribu, na ndiyo maana nyumba haikuweza kuwa na chumba kimoja kipana kisicho na nguzo. Mpango wa ndani ulifuata nguzo hizo: mifugo upande mmoja, watu upande mwingine, moto kati yao, jiwe la kusagia mahali pake, na dari ya kuwekea nafaka na kulalia. Ng'ombe walilala ndani kila usiku, na joto lao liliwafaa watu katika nchi ambayo usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Asubuhi samadi ilitolewa na kupelekwa shambani. Kilimo cha Wairaqw, ambacho watafiti kama Lowe Börjeson wamekieleza kuwa cha uangalifu mkubwa sana wa ardhi, kilianzia hapo: zizi likiwa ndani ya nyumba, na nyumba ikiwa katikati ya shamba, samadi haikuwa na safari ndefu.

Baadhi ya nyumba zilikuwa na vichochoro vya kutorokea vilivyochimbwa chini kwa chini. Henry Fosbrooke, aliyekuja kuwa Mhifadhi Mkuu wa kwanza wa Ngorongoro baada ya kulitumikia eneo hili kama ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika katika miaka ya 1950 mfululizo wa makala kuhusu jinsi makabila ya kaskazini mwa Tanganyika yalivyojihami, na moja aliitoa kwa nyumba za Wairaqw na jinsi uvamizi ulivyoziathiri. Thamani ya kazi hiyo ni kwamba aliikuta nyumba wakati inakaribia kuachwa, wazee waliojenga wakiwa bado hai.

Nyumba ya paa tambarare la udongo si ya Wairaqw peke yao. Wagogo wa Dodoma, Wanyaturu wa Singida, Warangi wa Kondoa na Wadatoga wanaopakana na Wairaqw wote wameijua, nayo huitwa tembe. Hata katika kuishi ndani ya ardhi Wairaqw wana wenzao ulimwenguni: huko Matmata nchini Tunisia watu wamechimba vyumba kuzunguka ua ulio chini ya usawa wa ardhi, na kaskazini mwa China mamilioni wameishi katika nyumba zilizochimbwa kwenye kingo za udongo laini wa manjano. Cha Wairaqw ni kuunganisha mambo mawili, tembe na shimo, kisha kulipanda paa nyasi hadi nyumba ikapotea machoni.

Hali iliyoizaa nyumba hiyo ilibadilika ghafla. Mwaka 1890 na 1891 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na ndui ikafuata. Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na Wajerumani, alifika kwenye ukingo wa Ngorongoro tarehe 18 Machi 1892, na maandishi yake yamejaa habari za Wamaasai waliodhoofika kwa njaa baada ya mifugo yao kufa. Nguvu ya kuvamia ilikuwa imevunjika. Muda si mrefu utawala wa Kijerumani ukasimika boma lake Mbulu, na hofu ya kuvamiwa usiku ikazidi kupungua.

Wairaqw wakatoka ardhini. Kwanza tembe zilisimama juu ya ardhi, na kadiri miaka ilivyopita zikaja nyumba za duara za kuezeka kwa nyasi, zenye dari ndani kama zile za kwanza. Wakati huohuo watu walianza kushuka kaskazini. Irqwa Da'aw ilikuwa imejaa, na nchi ya Karatu, Mbulumbulu na Rhotia, ambayo zamani haikukalika kwa hofu ya wavamizi, ilikuwa wazi. Uhamiaji huo uliendelea kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20, na katika miaka ya 1950 mpango wa maendeleo wa Mbulu wa serikali ya kikoloni ulifyeka vichaka vya mbung'o na kufungua maeneo zaidi.

Karatu ina ardhi ya mawimbi mapana, udongo mwekundu mzito unaotokana na majivu ya volkano. Miteremko mikali kama ya Mama Isara ni michache. Kwa hiyo hata kama fundi aliyehamia angetaka kuchimba nyumba ya babu yake, mara nyingi ardhi yenyewe ingemkatalia. Hapa nyumba ilibidi isimame. Nadhani hili halijatiliwa maanani ya kutosha na wanaodhani Wairaqw waliiacha nyumba ya ardhini kwa kuambiwa tu kwamba ni ya kishamba. Amani iliondoa sababu, na ardhi mpya ikaondoa uwezekano.

Kodi nayo ilikuwa na neno lake. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa na Wajerumani mwaka 1897, na Waingereza waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa baada ya kuichukua Tanganyika. Tangu hapo nyumba iliyokuwa ikijificha kwa mvamizi ilitakiwa ionekane kwa karani, ihesabiwe, na mwenyewe atajwe.

Wakati Wairaqw wanatoka ardhini, ndani ya kreta ilikuwa imejengwa nyumba ya namna nyingine kabisa. Ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikodishwa ardhi humo na serikali ya Ujerumani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakafuga na kulima hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914. Walijaribu hata kuwafukuza nyumbu watoke kreta ili ng'ombe wao wapate malisho. Kuta zao zilikuwa za mawe. Baada ya vita mali hiyo ilitaifishwa, na Sir Charles Ross, Mskoti tajiri anayejulikana kwa kubuni bunduki, aliitumia nyumba ya Siedentopf kwa mapumziko ya uwindaji. Uwindaji ulipopigwa marufuku ndani ya kreta mwaka 1928, mashamba ya zamani ya Siedentopf yaliachwa nje ya marufuku hiyo: ukuta wa mawe na hati ya ukodishaji vilikuwa na nguvu kuliko sheria ya wanyama.

Lakini kreta haikuwa tupu walipokuja hao ndugu. Yamo makaburi ya Wadatoga, waliokaa humo kabla ya Wamaasai kuwaondoa katika karne ya 19, na yamo makaburi ya kale zaidi ya wafugaji wa maelfu ya miaka iliyopita, marundo ya mawe ambayo Mary Leakey aliyachimba mwaka 1941. Makaburi ya watu hao yamedumu. Katika nyumba zao hatuna hata nguzo moja.

Nyumba ya Mmaasai hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye mkata fito, mkandikaji na mrekebishaji, na yeye ndiye mwenye nyumba. Fito husimikwa ardhini, zikakunjwa na kufungwa kwa kamba za magome, kisha mchanganyiko wa udongo na kinyesi cha ng'ombe hupakwa kwa mikono. Mlango huwa na kona, mtu aingie kwa kuzunguka, upepo usipige moto moja kwa moja. Ndama wachanga hulala ndani. Lakini anayedhani kuna nyumba moja tu ya Kimaasai aende Nainokanoka au Irkeepusi, vijiji vya juu penye ukungu na mvua nyingi, ambako kinyesi cha ng'ombe pekee kingeyeyuka mvuani kabla ya mwaka kuisha. Huko nyumba nyingi ni za duara na zimeezekwa nyasi nene. Mwanamke aliyezijenga aliisoma hali ya hewa ya kimo cha mita elfu mbili na zaidi, akabadili paa. Huo ni usanifu kwa kila maana ya neno, na nimechoka kuuona ukiitwa kibanda.

Upande wa mlima Oldeani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, walowezi walirudi. Waingereza walikuwa wamewazuia Wajerumani kuingia Tanganyika baada ya vita, na zuio hilo lilipoondolewa mwaka 1925 wengi walikuja, baadhi wakapata mashamba ya kahawa katika miteremko ya Oldeani na Karatu, chini tu ya msitu. Wakajenga nyumba ndefu za ghorofa ya chini peke yake, zenye baraza pana mbele, sehemu ya moto sebuleni, paa la mteremko mkali kwa ajili ya mvua za msitu, na madirisha yanayotazama mibuni. Uchimbaji wa misingi, uchongaji wa mawe na ubebaji wa mbao ulifanywa na Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote ukutani. Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, Wajerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakashikwa na msimamizi wa mali za adui. Baadaye yaligawiwa wengine, wakiwemo Waingereza waliotoka vitani.

Nyumba mashuhuri kuliko zote za kundi hilo ni ile ya 1929 iliyo juu ya mji wa Karatu, ambayo James Gibb aliinunua mwaka 1948. Yeye na mkewe Margaret walianza kupokea wageni mwaka 1972, na tangu hapo Gibb's Farm imekuwa kielelezo cha nyumba ya wageni ya Karatu. Hoteli nyingi zilizojengwa baadaye mjini na pembezoni zimeiga sura yake: baraza, bustani ya maua, moto wa jioni. Nyumba ya mlowezi aliyekuja kulima kahawa imekuwa umbo la biashara ya utalii ya wilaya nzima. Juu ya ukingo wa kreta, hoteli ya kifahari iliyojengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1990 na msanifu Silvio Rech ilichukua njia nyingine, ikakopa umbo la boma la Kimaasai kwa nje na kutundika vinara vya kioo ndani. Wazo la mwanamke wa Kimaasai lilipata bei kubwa hapo, ingawa bei hiyo haikumfikia yeye.

Mwaka 1959 Serengeti na Ngorongoro zilitenganishwa kisheria. Wamaasai waliotolewa Serengeti waliahidiwa kuendelea kuishi Ngorongoro, katika hifadhi ya kilomita za mraba zipatazo 8,300 ambayo ingechanganya watu, mifugo na wanyamapori. Tangu hapo historia ya nyumba za Wamaasai wa Ngorongoro imekuwa historia ya vibali. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka uliofuata, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Kujenga nyumba ya kudumu kumebanwa kwa miaka mingi, na matokeo yake ni kwamba familia iliyopata fedha ya kununua saruji haikuruhusiwa kuitumia, ilhali hoteli zilisimama ukingoni kwa zege na vioo.

Kuanzia Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia kaya kijiji cha Msomera, Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Kila kaya hupewa nyumba ya vyumba vitatu yenye kuta za tofali na paa la bati, ekari 2.5 za makazi na ekari 5 za shamba. Serikali inasema uhamiaji huo ni wa hiari, ilhali viongozi wengi wa Kimaasai na mashirika ya haki wamepinga kuuita hivyo, na mwezi Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani Ngorongoro kulalamika. Kwa mwandishi wa habari za nyumba liko jambo moja la kutazama katika picha za Msomera: nyumba zote ni sawa, zimepangwa katika mistari, na aliyezijenga si mwanamke atakayeishi humo.

Mistari si mipya. Kati ya 1974 na 1976 Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji, ilifika Mbulu na Karatu. Kwa Wairaqw, ambao kila kaya ilikaa shambani pake mbali na jirani, kukusanywa kando ya barabara kulivunja mpango mzima wa nyumba na shamba. Mwanahistoria Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika jinsi operesheni hiyo ilivyogusa uelewa wa watu kuhusu mazingira yao, siyo makazi tu. Samadi iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni ikawa na safari. Tembe nyingi zilizoachwa ziliporomoka, kwa sababu paa la udongo lisilo na moto chini yake hulowa likaoza. Katika vijiji vipya watu walijenga kwa haraka, na bati, ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kanisa, shule na duka, likawa ndoto ya kila kaya.

Bati lilishinda. Sababu zake ni za kweli na mimi sizibezi: halivuji likipigiliwa vizuri, hukinga maji ya kunywa, na halihitaji kufanyiwa kazi kila baada ya masika. Miti ya nguzo ilikuwa imekuwa adimu nje ya misitu iliyohifadhiwa, na nyasi za kuezekea zilishindana na malisho. Chini ya bati ikaja tofali ya kuchoma. Udongo mwekundu wa Karatu hufyatuliwa kwenye kalibu, ukakaushwa, ukapangwa tanuri na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa, na kando ya barabara za Rhotia na Endabash matanuri hayo huonekana msimu mzima wa kiangazi. Kuni zake ni tatizo jipya, na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza tofali za kufungamana zisizochomwa. Wachache waliitikia.

Mji wa Karatu wenyewe ulikua kando ya barabara. Wilaya ilimegwa kutoka Mbulu katikati ya miaka ya 1990, na lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo mji ukabadilika sura kwa kasi. Jengo lake kuu ni safu ya fremu: vyumba vya duka vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, kila kimoja na mlango wake wa chuma, paa moja refu juu ya wote, baraza ya saruji mbele na vyumba vya kulala vya wapangaji nyuma. Fundi husimamisha kuta zote kwa msingi mmoja, huvusha lenta juu ya milango yote kwa zege moja, kisha hupandisha kenchi. Likipanda bati la rangi, msauzi kama wanavyoliita, mwenye jengo amejitangaza. Sijaona anayeziandika nyumba hizi za safu, ilhali ndizo zinazobeba uchumi wa mji.

Na ile nyumba ya ardhini? Karibu na mji imejengwa mifano kwa ajili ya wageni, na watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Huko Mama Isara mabaki ya tembe na mashimo ya nyumba za kale yamo ndani ya mashamba ya watu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na hapo ndipo tembe inapokwama. Nguzo iliyooza hubadilishwa, udongo wa paa hurudishwa kila baada ya mvua, na baada ya miaka 30 huenda hakuna mti mmoja uliobaki wa siku ya kwanza. Kwa hesabu ya sheria nyumba hiyo ni changa siku zote. Kilwa, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zimeorodheshwa na UNESCO kwa haki kabisa, kwa kuwa matumbawe na chokaa vimetunza tarehe yake. Hapa tarehe imetunzwa na mikono inayojua panda ikatwe wapi na udongo ushindiliwe kiasi gani, na mikono hiyo haiorodheshwi.

Tangu mwaka 2018 sehemu za Karatu, Monduli na Ngorongoro zimo ndani ya Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO kwa ajili ya miamba pamoja na utamaduni wa wanaoishi juu yake. Chuo Kikuu Ardhi kina wanafunzi wa usanifu majengo ambao kila mwaka hutafuta jengo la kupima na kuchora. Nyumba ya Mama Isara ingewafaa: kina cha mkato wa mlima, umbali kati ya nguzo na nguzo, unene wa tabaka za paa, upande wa mifugo na upande wa watu. Kiangazi ndicho kipindi cha kwenda, udongo ukiwa mkavu na njia zinapitika. Aliyelala ndani ya tembe akiwa na miaka 15 mwaka 1974 sasa amepita miaka 60, na wengi wa rika hilo bado wanalima huko.